Nyati Kwenye Njia ya Maporomoko

Jumamosi nilipanda msituni, juu ya mji wa Nyeri, pamoja na mke na mume waliotoka Mombasa kuona maporomoko ya maji. Askari wa wanyamapori, mama mpole mwenye bunduki begani, alitutangulia. Mume alikuwa akipiga picha kila mti.

Tulipokata kona penye mianzi, askari alisimama ghafla akainua kiganja. Nyati dume alikuwa njiani, karibu hata tukasikia pumzi zake.

"Msikimbie," askari alinong'ona, akishusha bunduki taratibu kutoka begani. "Mkikimbia, hata yeye atakimbia, na huyo hammwezi."

Simu ya mume ilianguka. Ndipo mke alipomshika mumewe mkanda, akamvuta polepole nyuma yake, akasimama yeye mbele.

Nyati alitukazia macho, akaparura ardhi kwa kwato. Kisha, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akageuka akapotelea mianzini.

"Mbona ulisimama mbele yangu?" mume aliuliza, akiokota simu yake.

"Sijui," mke akasema, na sasa machozi yakamtoka. "Nilikuona ulivyoogopa."

Hatukufika kwenye maporomoko. Wasomaji wa makala zangu za safari huniuliza mgeni afanye nini akija Nyeri. Aende msituni, lakini asiende bila askari. Na kama ana mchumba, waende pamoja kabla ya kupanga harusi.