Konzi Tatu za Vigae

Mjukuu wangu wa kike alikwenda chuo kikuu kusomea udongo. Si udongo wa kulima, udongo wa kuchoma. Siku anaondoka hapa Puge nilimwambia kwamba kama ni udongo tu, angebaki nyumbani nimfundishe bure, maana mimi nimefinyanga vyungu tangu sijavunja ungo. Akanijibu, “Mke mwenzangu, wewe unajua kuufanya ukubali. Mimi naenda kujua kwa nini unakubali.”

Ndivyo tulivyoitana, mke mwenza, kwa ajili ya babu yake, ambaye kwa utani alikuwa mume wetu sote wawili. Hata baada ya kumzika babu tuliendelea kuitana hivyo.

Aliporudi alikuja na mradi wa vyungu vya kuchuja maji. Sisi hapa maji yetu ni ya lambo, na ng’ombe nao wanayanywa humo humo. Kila mwaka mvua zikianza, nyumba hii homa ya matumbo, nyumba ile kuhara. Mjukuu wangu akatueleza kina mama kwamba ukichukua unga wa udongo ukauchanganya na pumba za mpunga zilizosagwa laini, ukakandamiza, ukachoma kwenye tanuri, zile pumba huungua zote zikaacha vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Maji hupita, wadudu hubaki. Baada ya hapo chungu hupakwa dawa yenye madini ya fedha kumaliza wale watakaoponyoka. Nilimsikiliza nikaona ni kazi nzuri. Pumba tulikuwa tunazitupa mashineni. Kumbe ni tundu la sindano, ukijua kuzitumia.

Watu wa mradi wakapewa godauni la zamani la pamba liwe karakana. Wakaleta mtambo wa kukandamizia, wenye jeki kama ya lori, na mizani, na chekecheke za wavu mwembamba. Mjukuu wangu akaja na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu, kila asubuhi ananiamkia. Udongo ulichimbwa upande wa pili wa mbuga, kwa sababu shimo letu la zamani, alilochimba mama na mama yake mama, lilikuwa limeshageuzwa jaruba la mpunga.

Tuliambiwa mapema jinsi mambo yalivyo. Vyungu arobaini vya majaribio vikifaulu kipimo, karakana inabaki Puge na mjukuu wangu anabaki nayo. Visipofaulu, mtambo unahamia Kaliua, ambako walikwisha kuona udongo mwingine, naye anafuata mtambo. Mimi nimezaa sita. Majina ya watoto, wajukuu na vitukuu ninayo yote kichwani, waliopo na waliozikwa, na ya kila mwanamke aliyewahi kukaa nami kufinyanga, ila hapa sitayaandika, kila jina lina mwenyewe. Lakini katika wote hao aliyekuwa anarudi kula ugali sahani moja na mimi ni huyu mmoja.

Vyungu vya kwanza vilipasuka hata moto havijauona. Viliwekwa kivulini vikauke, ufa ukaanzia mdomoni ukateremka mpaka tumboni. Wakavifunika kwa nailoni vikauke polepole, vikapasuka. Wakapunguza maji, vikapasuka. Mjukuu wangu akaacha kutaniana. Anakula huku anatazama ukuta.

Nikaenda kwa mtaalamu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Huo udongo wenu una njaa.”

“Njaa tena, bibi?”

“Haujala vigae. Hapa udongo wa shimo jipya haufinyangwi mtupu.”

Akacheka, si kwa ubaya. “Bibi yangu, humu kila kitu kimepimwa. Ukiongeza kimoja tu, vyote vinayumba. Hii siyo mboga, useme utaongeza chumvi kidogo.”

Shoga yangu aliyekuwa anatuletea pumba akadakia kutoka mlangoni, “Mboga zako ndizo haziongezwi chumvi. Ndiyo maana mpaka leo hujaoa.” Kina mama wakaangua kicheko, na mtaalamu naye akacheka, na neno langu likapotelea humo ndani ya kicheko.

Sasa nieleze vigae. Mfinyanzi wa kwetu akifa, chungu chake cha maji hakirithiwi. Siku ya tatu anayeshika kazi yake anakivunja, vigae vinawekwa. Udongo wa shimo jipya ukiletwa, tunasaga vigae kidogo, tunachanganya. Tunasema mgeni anatambulishwa kwa mwenyeji. Na chungu chenye vigae hakipasuki, hilo nimeliona kwa macho yangu maisha yangu yote. Mama aliniambia kwamba zamani, wapagazi walipokuwa wanapita kwenda Tabora na kurudi, kina mama wa huku waliwauzia vyungu kambini, na wakati mwingine walisaga vigae walivyookota palepale kambini, vya vyungu vya bibi zao, vilivyovunjwa na wapita njia. Mpaka leo ukilima kandokando ya njia ile jembe linavitoa.

Vigae vya mama nilikuwa navyo ndani ya debe, chini ya kitanda. Nilivitoa, nikavitwanga kwenye kinu, nikavipepeta kwa ungo.

Kazi yangu karakanani ilikuwa kukanda. Mjukuu wangu alipima udongo na pumba kwenye mizani, akaniachia mabeseni, kisha akaenda tanurini. Kwa hiyo haikuhitaji ujanja mwingi. Kila beseni nikatoa konzi tatu za udongo wake nikaweka konzi tatu za vigae vya mama, ili beseni lisizidi mstari. Nikatia maji, nikakanda. Mikono ikaniambia ni sawa. Udongo ulikuwa umetulia, hauvutiki ovyo. Nikajisemea nitamwambia vikishakauka salama.

Vikakauka salama, vyote arobaini. Mjukuu wangu alivizungukia kimoja kimoja, anavigonga kwa kidole, anasikiliza. Akanishika mabega mbele ya watu. “Mke mwenzangu, leo umekanda kwa mikono gani?”

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sikusema. Nilikuwa nataka aendelee kunishika mabega.

Siku ya kuchoma waliwasha alfajiri, mpaka alasiri tanuri lilikuwa jekundu ndani. Mimi nimezoea kuchoma uwanjani kwa magome na kinyesi cha ng’ombe, adhuhuri umemaliza. Wao walikuwa na waya ulioingizwa kwenye tundu la ukuta wa tanuri, unaosoma joto, na mjukuu wangu hakubanduka kwenye namba zake. Baada ya siku mbili walifungua. Vyungu vilitoka vyekundu, vizima, ukivigonga vinalia kama kengele ya shule. Mtaalamu akaniambia, “Bibi, umeona? Subira.” Nikasema nimeona, baba.

Kisha kikaja kipimo. Vyungu viliangikwa kwenye fremu ya mbao, kila kimoja na ndoo yake chini. Vilishaloweshwa tangu jana yake. Vikajazwa maji mpaka mdomoni, mjukuu wangu akatazama saa. Baada ya saa moja wanatumbukiza kijiti chenye alama. Maji yakiwa yameshuka mpaka alama ya kwanza au ya pili, kimefaulu. Yakipita alama ya pili, yamekwenda mbio, hayakuchujwa.

Mimi nilisikia kabla ya kijiti. Chungu cha kuchuja hutoa tone, kikanyamaza, kikatoa lingine. Hivi vilikojoa. Ndoo zote zikawa zinaimba kwa pamoja. Mjukuu wangu alikuwa amesimama na kijiti mkononi, na saa haijafika nusu, na akawa anatazama chungu cha kwanza, cha pili, cha kumi, anarudi cha kwanza. Nilitaka kuziba masikio. Nilitaka kwenda kuweka viganja vyangu chini ya kila chungu nizuie. Utazuia nini? Nilikaa kwenye gogo.

“Labda pumba zilikuwa nene,” mtaalamu akasema.

“Nilizichekecha mwenyewe,” mjukuu wangu akasema.

“Basi mizani.”

“Mizani ni nzima.”

Kati ya arobaini vilifaulu viwili. Sheria yao ni kwamba kisichofaulu kinavunjwa, kwa sababu kikitoka nje mtu atakitumia akiamini ana maji safi. Kina mama waliomba, mmoja cha kuatamishia kuku, mwingine cha maua. Mjukuu wangu akakataa. Tukagawiwa nyundo. Nami nilipewa, nikavunja vyangu vinne, na ndani ya kila kimoja alikuwemo mama, mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Nilimwambia mjukuu wangu asubuhi iliyofuata, anasuuza kikombe chake cha chai.

“Mimi ndiye niliyetia kitu.”

“Kitu gani?”

“Vigae vya mama. Konzi tatu kila beseni.”

Akakaa kwenye kigoda. Hakupandisha sauti. “Ulivisaga kwa kifaa gani?”

“Kwa kinu.”

“Ukavichekecha?”

“Nilivipepeta kwa ungo.”

“Kwa ungo,” akasema.

Akainuka akaenda kwenye lundo la jana, akarudi na kipande. Akakimega, akanipa na kioo chake cha kukuzia. Niliona chembe za mama, kama punje za uwele, na kila chembe imezungukwa na uwazi.

“Hizi zilikwisha kuchomwa zamani, hazisinyai tena. Udongo mpya ukikauka na ukichomwa unasinyaa, unaziacha. Pale kati ndipo maji yamepita na wadudu wake. Kwa chungu cha mboga haina neno. Ndiyo maana vyako havipasuki, chembe zinazuia ufa usikimbie.”

“Kwa hiyo vigae ni vibaya.”

“Siyo vibaya. Tungevisaga viwe kama unga, tukavipitisha kwenye chekecheke nyembamba, tukapunguza pumba. Huenda tungepata vyote viwili. Ungeniambia, Bibi.”

Hakuniita mke mwenzake.

Akampigia mtaalamu, aliyekuwa ameshatangulia Tabora mjini. Nikaomba simu. Nikamwambia, “Baba, kosa ni langu, si la udongo wala la huyu mtoto.”

“Bibi, nakuelewa kabisa. Tatizo taarifa nimeshaituma, na mimi siyo msemaji wa mwisho. Wakubwa wameshaandika kwamba mchanganyiko wa Puge hauaminiki.”

Waliyoandika yalikuwa ya kweli. Nikarudisha simu.

Mjukuu wangu akaandika kwenye daftari lake yote niliyomwambia, vigae vya umri gani, konzi yangu ina uzito gani. Alinichotesha unga wa muhogo akaupima kwenye mizani, mara tatu, na kila mara namba ilikuwa nyingine. Akaandika zote tatu. Nikamwambia nitasaga upya, kigae kidogo bado kipo, tuchome chungu kimoja tu waone. Akasema mtambo unafunguliwa kesho kupelekwa Kaliua. Nikamwambia niende nikaongee na mwenyekiti wa kijiji. Akasema, “Utamwambia nini, Bibi?” Kweli, ningemwambia nini. Angenifokea, ningejua pa kushika kuomba msamaha. Alikuwa mpole tu, na upole wake haukuwa na mahali pa kushika.

Lori lilikuja saa tano asubuhi. Wanaume wakapakia mtambo, wakapakia fremu na ndoo. Shoga yangu alisimama na gunia lake la pumba anauliza alipeleke wapi. Lilikuwa limebaki beseni moja la unga wa udongo mtupu, ambalo mjukuu wangu alitaka kwenda nalo Kaliua kulinganisha. Akainama akashika upande mmoja.

“Bibi, nishikie huko.”

Nikashika ukingo. Nikainua, beseni likainuka kidogo tu, mikono ikashuka nalo.

“Acha tu,” akasema, akamwita dereva.