Nailoni Iliyoamka na Matone

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikiitaja mpaka leo viganja vyangu hujifuta vyenyewe kwenye suruali. Jana ulinipigia simu kutoka Ogwedhi, Achieng', ukaniambia kwa furaha kwamba tangi la zege la shule mmelipaka epoksi juzi, ile rangi ngumu ya kuzuia maji, linang'aa, na mwalimu mkuu anataka maji yaingie Jumatatu kwa sababu wageni wanakuja. Nilikupongeza. Kisha simu ilipokatika nikakaa na wasiwasi hadi chai ikapoa mbele yangu. Hukuniambia zege lilipewa muda gani kukauka, nami sikukuuliza. Sasa nakuandikia, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza kwa kukukemea utadhani mimi ni mzee mwenye gubu tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Fundi aliyenifundisha kazi ya kuzuia maji kwenye zege alikuwa mzee Odoyo, Mkatoliki wa mjini Homa Bay, mtu wa maneno machache aliyekuwa amepaka matangi na mabirika ya samaki kutoka kwao hadi Migori. Goti lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hiyo akaniachia kazi moja niifanye peke yangu. Ilikuwa birika la ubatizo la kanisa letu kijijini, upande wa bonde la Lambwe.

Sisi ni Wasabato, unajua. Kwetu mtu hanyunyiziwi maji kichwani, anazamishwa mzima. Miaka yote watu walikuwa wakiteremka mtoni, na birika lilijengwa kwa sababu ya watu wasioweza tena kuteremka. Wa kwanza kati yao alikuwa nyanya yangu mzaa mama, dani Dorsila, aliyenilea tangu nikiwa sijaota meno. Dani alikuwa amevuta kiko miaka mingi kuliko umri wa mchungaji mwenyewe, na kwa ajili ya kiko hicho alikuwa amekataa ubatizo kila alipoitwa. Mwaka ule akakitupa chooni, akasema yuko tayari, ila miguu yake haiwezi mteremko wa mtoni. Tena akaongeza kwamba hawezi kumfuata Yesu kisha akakutane na mamba njiani. Waumini walicheka, halafu wakachimba shimo nyuma ya mimbari, mahali ambapo paa la kanisa lilikuwa halijafika, wakalijengea kuta za zege na ngazi nne za kushukia kila upande.

Plasta ilimalizika masika yakiwa yamepamba moto. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi, akifika kwetu mara chache kwa mwaka, na siku yake ilikuwa imeshatangazwa. Mimi nilipokea kazi zikiwa zimebaki siku sita.

Mzee Odoyo alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza. Kabla ya kufungua kopo lolote la epoksi, kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasiingie hewa, kiache mchana na usiku. Asubuhi kibandue. Kikiwa na matone kwa ndani, au ukuta ukiwa umefanya doa jeusi, basi zege bado linatoa maji, na epoksi haishiki juu ya maji. Itang'aa siku mbili tatu, kisha unyevu ulio nyuma yake utaisukuma itoke.

Nilibandika nailoni Jumanne. Jumatano asubuhi nikaibandua, na ndani yake kulikuwa na matone mengi, makubwa, na doa jeusi la umbo lile lile la nailoni. Nilisimama pale shimoni nikiwa peke yangu. Nilisikia kina mama wakifanya mazoezi ya nyimbo kanisani. Nikafikiria mchungaji, nikafikiria majoho meupe yaliyokuwa yameshashonwa, nikafikiria dani aliyekuwa akihesabu siku. Nikapangusa yale matone kwa mkono wa shati.

Mchana mzee Odoyo akanipigia kwenye simu ya duka.

"Nailoni imeamka aje?"

"Imeamka kavu, mzee."

Akaniambia nikimaliza nisahau habari ya maji kwa siku saba. Nikaitikia. Sikumwambia kwamba ubatizo ni Jumamosi ile ile, naye hakuwa na sababu ya kujua.

Nilipaka tabaka la kwanza Jumatano, la pili Alhamisi. Mwanangu, lilipendeza. Lilikuwa la samawati, laini, na kila mtu aliyepita alinisifu. Wazee wa kanisa waliniletea uji. Kadiri nilivyosifiwa ndivyo nilivyojikuta nikicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu.

Sasa elewa jambo moja kuhusu sisi. Sabato inaingia jua linapotua Ijumaa, na baada ya hapo hakuna mkono unaoshika ndoo wala jembe. Maji ya birika ilibidi yajazwe Ijumaa hiyo hiyo kabla jua halijatua. Vijana walileta mapipa kwa mikokoteni ya punda, wakamimina, wakakimbia kurudi mtoni, wakamimina tena. Nilikuwa pembeni nikiangalia maji yakipanda ngazi moja, mbili, tatu. Pipa la mwisho liliingia jua likiwa limebaki kidole kimoja juu ya vilima. Nikainama, nikatumbukiza mkono nikagusa ukuta, nikahisi uteute. Nikagusa pengine, uteute ule ule, na chini ya kidole changu kulikuwa na lengelenge laini lililobonyea.

Nilitaka kusema. Nakuapia nilitaka. Lakini kengele ikalia, watu wakaanza wimbo wa kupokea Sabato, na mimi nikajiambia kwamba sasa hata nikisema hakuna atakayeruhusiwa kuyatoa maji. Ndivyo nilivyoifanya siku takatifu iwe kisingizio changu.

Asubuhi nilifika kanisani kabla ya wote. Maji yalikuwa na utando mweupe juu, na harufu kali ya dawa ya kukazia epoksi. Nilivua kiatu nikakanyaga ngazi ya kwanza, mguu ukaondoka kama nimekanyaga mgongo wa kamongo, yule samaki mwenye utelezi. Nilishika ukingo nisianguke. Na hizo ngazi, mwanangu, nilikuwa nimeshindwa hata kuzinyunyizia mchanga wa kuzuia utelezi, kwa haraka tu. Nikaona vizuri kabisa itakavyokuwa: dani akishuka, mguu wake mkavu ukiteleza, kisogo chake kikigonga zege. Baada ya hapo nikavaa kiatu, nikaenda kuketi benchi la pili.

Huwezi kuamini nilikaa benchi lile kuanzia shule ya Sabato hadi mwisho wa mahubiri bila kufungua mdomo. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Kila wimbo ulipokwisha nilisema nitasimama kwenye wimbo unaofuata. Aibu ni kitu kibaya. Nilikuwa nampenda dani kuliko mtu yeyote duniani, na bado nilikuwa naiogopa aibu yangu kuliko nilivyoogopa kifo chake. Nimezeeka, na sijapata namna ya kulisema jambo hilo ili lionekane dogo.

Wabatizwa wakatoka kwa mstari na majoho yao. Walimtanguliza dani kwa heshima ya umri. Alivua viatu, akafika ukingoni, akakumbuka kwamba hawezi kuingia majini na fimbo. Akageuka, akatafuta kwa macho yake yenye ukungu hadi akaniona.

"Nyakwara, kuja ushike fimbo yangu," akasema. Mjukuu wangu, ndivyo alivyoniita.

Nikasimama. Nikaenda. Akaninyooshea ile fimbo, na mkono wangu ukakataa kuipokea.

"Dani, usiingie," nikamwambia. "Ngazi inateleza. Hii kazi nimeharibu."

Mchungaji, aliyekuwa ameshaingia majini kwa ngazi ya upande wake akishikilia ukingo kwa mikono miwili, alinitazama, akapitisha kiganja juu ya ngazi ya dani, akakinusa.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jumatano."

Alitoka majini polepole. Wengine walipelekwa mtoni alasiri ile, wakabatizwa wakarudi wakiimba. Dani alibaki ameketi kanisani na joho lake kavu, na mchungaji akasema hataweza kurudi kabla ya miezi miwili. Wakati ule dani alikuwa na kikohozi ambacho hakuna aliyependa kukizungumzia.

Mzee Odoyo alikuja Jumapili, goti na yote. Alishuka katika birika lililokwisha kutolewa maji, akachomoa kipande cha epoksi kwa ukucha, kikatoka kama ganda la yai lililochemshwa. Nilianza kumweleza habari za mchungaji, za majoho, za watu waliokuwa wakisubiri. Akaniacha nimalize.

"Mimi nilikuuliza nailoni imeamka aje," akasema. "Sikukuuliza watu wanataka nini."

Hilo ndilo karipio lote alilonipa, na lilinitosha maisha. Kisha akanipa tindo na brashi ya waya. Nilikwangua birika zima hadi kwenye zege, siku nyingi, vidole vikatoka damu. Tulichimba mfereji nyuma ya kuta ili maji ya mvua yasije yakajikusanya pale, tukaezeka mabati juu. Halafu tukangoja.

Kungoja ndiko kulikoniadhibu. Kila asubuhi nilikuwa na milango miwili ya kupita. Wa kwanza ulikuwa wa dani, na niliposimama nje nilikuwa nasikiliza kwanza kama anakohoa kabla sijabisha. Kikohozi kilinitisha, na ukimya ulinitisha zaidi. Wa pili ulikuwa wa kanisa. Nilibandua nailoni nikakuta matone, nikabandika nyingine, nikakuta matone, machache zaidi. Wiki zilipita. Dani akawa haamki tena kuota jua. Nilimwomba msamaha siku moja nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwambia kama angekufa kabla ya kubatizwa ningekuwa mimi ndiye niliyemnyima.

"Unajua kungoja bila tumbako ni nini?" akaniuliza. "Hiyo ndiyo ngumu. Hiyo simiti yako ni kitu kidogo." Kisha akashika sikio langu, akalivuta kama nilipokuwa mdogo. "Lakini ukidanganya tena, nitarudia kiko, na dhambi itakuwa yako."

Asubuhi moja nikakuta nailoni haina kitu. Sikuyaamini macho yangu. Nilibandika nyingine mahali pengine, ikaamka vile vile. Niliikimbiza mkononi hadi kwa dani bila kufikiri. Akaipitisha shavuni mwake, upande wa ndani, polepole.

"Sasa hii ni kavu," akasema.

Mzee Odoyo alichanganya makopo mawili, la epoksi na la dawa ya kukazia, mwenyewe mbele yangu kwa kipimo, nami nikapaka. Ngazi tukazinyunyizia mchanga mkavu epoksi ikiwa bado mbichi. Tukahesabu siku saba kamili bila tone la maji, kisha tukaliosha birika na kumwaga maji yale. Mchungaji alirudi. Dani aliletwa kwa kiti, akasimama mwenyewe ukingoni, akaninyooshea fimbo. Safari hii niliipokea. Alishuka ngazi nne kwa miguu yake, moja baada ya nyingine, mguu wake ukishika kila ngazi, nami nilikuwa nalia bila kujificha. Aliishi hadi mavuno yaliyofuata. Fimbo yenyewe iko hapa, imeegemea meza ninayoandikia.

Kwa hiyo, Achieng' mwanangu, nakuomba usingoje hadi Jumatatu. Nenda kwa mwalimu mkuu leo umwambie bado. Mwambie epoksi inaweza kuonekana kavu na bado haijakomaa, na kwamba inahitaji siku zake saba, au zaidi baridi ikiwepo, kabla ya kuguswa na maji. Soma tena kopo uone kama limeandikwa kuwa linafaa kwa maji ya kunywa, kwa sababu watoto watayanywa hayo. Gusa ukuta. Ukihisi uteute, au ukiona lengelenge hata moja, kwangua uanze upya, na usitafute rangi ya kulifunika. Na kama hukubandika nailoni kabla ya kupaka, sema hivyo hivyo mbele ya mwalimu na mbele ya wageni wake. Utaona haya, uso utawaka, na jioni utakula ugali wako. Mimi nilichelewa siku tatu kusema neno moja, na mtu niliyempenda alifika ngazi ya kwanza. Ikiwa utaogopa kwenda peke yako, nipigie, nitapanda gari nije tusimame pamoja.

Mungu aliyemngojea dani Dorsila miaka yote hiyo akupe subira katika kazi ya mikono yako. Akulindie ulimi wako siku utakapoulizwa nailoni imeamkaje. Na watoto watakaokinga maji kwenye bomba la tangi lako wanywe washibe, wasijue hata siku moja kwamba kulikuwa na cha kuogopa.