Vidole vya Wafula

Jeddah haina baridi, na pasipo na baridi mwanamume hanunui mafuta ya ngozi. Kwa hiyo kila Desemba nilikuwa nikifunga masanduku yangu ya mafuta kule Nuzha, mtaani kwangu Jeddah, na kuifuata baridi ya Riyadh, inayopasua midomo na visigino bila kuuliza cheo cha mtu. Evans, kinyozi wa mtaa wa Malqa huko Riyadh, alikuwa akinipa rafu moja dukani mwake.

Hapo ndipo Wafula aliponijia, Januari 2022. Alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa ule, mtu wa Bungoma, mrefu, mikono mifukoni.

"Boss, uko na kitu ya kulainisha ngozi ya viti vya gari?"

"Viti vya nani?"

"Vya madam. Vimekauka na hii baridi."

"Toa mkono tusalimiane kwanza."

Akautoa kwa shingo upande. Nilikuwa nimeuza mafuta miaka tisa na sikuwa nimeona vidole kama vile: vimepauka kama chokaa, vimechanika kwenye kila kiungo, ncha zimelika hadi zikawa laini kama sahani.

"Hivi viti vinaumwa," nikasema.

Evans alicheka hadi akazima mashine ya kunyolea. Wafula akaondoka bila kununua, nikajilaumu: mzaha wangu umefukuza mteja.

Siku tatu baadaye alirudi, safari hii bila habari za viti. Madam wake sasa alikuwa akijiendesha mwenyewe, kama wanawake wengi wa mtaa ule tangu waruhusiwe. Wafula alibakiwa na kupeleka watoto shule, na kuosha magari matatu kila alfajiri kwa maji ya bomba na sabuni ya unga. Bosi alimwambia kwa upole kwamba mkataba ukiisha hautaongezwa. Kampuni moja ya mabasi ilimkubali, na kafili wake, yaani bosi huyo aliyemdhamini, alikubali ahame bila kupigiwa magoti. Lakini usajili ulitaka alama za vidole, na mashine ilimkataa.

"Wamenipa mpaka Jumapili ijayo. Ikikataa, halas, naenda nyumbani. Na binti yangu Zipporah yuko Form Three."

Nikampa krimu. Akanusa, akairudisha.

"Hii inanukia harusi. Wenzangu wataniita bibi arusi."

Nikainama chini ya rafu, nikatoa kopo la mafuta ya kukamulia, yale yanayopakwa chuchu za ng'ombe zisipasuke. Kwetu Kenya nusu ya wanaume huyapaka usoni na hawaoni haya.

"Sasa umeongea kiume!"

"Chukua. Vidole vikisoma, utaniletea madereva wote wa mtaa huu. Visiposoma, hatujuani."

Nikamwekea masharti: glavu kila akigusa maji ya baridi, jioni aloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu, ajipake ikiwa bado mibichi, kisha aivalishe soksi alale. Alitii kama mgonjwa. Kufikia Alhamisi mipasuko ilikuwa imejifunga.

Jumapili asubuhi nilikuwa kituo cha basi, narudi Jeddah. Mama mmoja wa Nuzha alikuwa ameagiza mafuta kwa arusi ya bintiye, na alinionya: yasipofika kesho asubuhi, atachukua kwa mwingine. Simu ikalia.

"Imekataa, ndugu yangu. Wamesema nije kesho mara ya mwisho."

"Ulipaka nini leo?"

"Nilipaka vizuri kabisa! Mpaka mikono inang'aa, kama mtu anaingia kukamua."

"Wafula, mashine inasoma mistari. Wewe umeifukia!"

Dereva wa basi akapiga honi, nami nikateremsha masanduku yangu, nikabaki Riyadh. Nilijiambia ni kwa sababu ya madereva wa Malqa.

Kesho yake tuliketi nje ya ofisi ya usajili, upepo unauma masikio. Nilikuwa nimekuja na maji ya moto kwenye chupa ya chai na kitambaa. Nikamwosha kidole kimoja kimoja, nikakikausha. Lakini baridi ikaanza kuvikakamaza tena, basi nikaichukua mikono yake yote miwili nikaifunika kwa yangu. Huku wanaume kushikana mikono si ajabu, ila kwa mtu wa Bungoma ni jambo.

"Watu wanatuangalia, boss."

"Waangalie. Hata wao hawana kazi."

Alicheka, kisha akasema taratibu, "Tangu mama afe, hakuna mtu amenishika mikono."

Nikamwambia asitoe jasho.

Walipomwita nilisimama mlangoni. Dole gumba: taa nyekundu. Akalipangusa kwenye shati, akaliweka tena. Kijani. Karani hata hakuinua macho. "Yalla, mwingine!"

Wafula akapata ikama mpya, kile kibali cha kuishi nchini, na usukani wa basi, na Zipporah akabaki shuleni. Alichopoteza ni mtoto mdogo wa madam, aliyempeleka shule tangu chekechea. Siku ya kuagana mtoto alimng'ang'ania mguu getini, na dereva mzima akalia.

Mimi nilimpoteza mama wa arusi. Madereva wa Malqa nao sikuwaona, maana kampuni ilimpanga Wafula Jeddah, mitaa miwili kutoka kwangu. Hewa ya pwani imemlainisha mikono, hahitaji mafuta ya mtu. Kila Ijumaa anakuja kwangu, anakula wali wangu, anaosha vyombo vyote bila kuambiwa, na hajawahi kununua hata kopo moja. Wiki asipokuja, napika kidogo na chakula hakishuki.