Mikono Iliyojua Njia

Mtaani kwetu siku hizi tunachelewa kuamka. Kwa miaka kumi na tisa tuliamshwa na mlango wa gari la mkate, uliofunguliwa kwa kishindo mbele ya duka letu saa kumi na mbili kasoro robo, hata dereva wake tukambandika jina Kengele. Aliyeshika gari hilo sasa ana mkono mwepesi. Hatumsikii.

Kengele alikuwa na vituo kumi na vinne, kuanzia duka lililo ubavuni mwa posta hadi bweni la wauguzi, na alivijua kama vifungo vya shati lake. Alijigamba kwamba njia ile angeizunguka hata usingizini.

"Siku hiyo usinipakie," mkewe, fundi cherehani, alikuwa akimjibu.

Lakini alimpakia. Jicho la kushoto la mkewe lilikuwa limeingia ukungu, na siku ya miadi ya daktari iliangukia mapumziko ya Kengele, basi meneja wa kiwanda cha mikate akamwazima gari lile lile. Kwenye njia panda alipopaswa kukata kulia kwenda kwa daktari, alikata kushoto. Mkewe akanyamaza, aone mwisho wake. Kengele alikuwa mbali, akiwaza paa la jikoni linalovuja. Ubavuni mwa posta akasimama, akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Makombo matupu.

"Baba watoto," mkewe aliita dirishani, "siku hizi daktari wa macho anauzwa dukani?"

Mwenye duka alicheka hadi akashikilia meza. Kengele naye alicheka, akarudi kwenye usukani. Hapo kicheko kikamkauka.

"Pale kwenye kivuko cha shule. Nilisimama?"

"Ulisimama."

"Kulikuwa na watoto?"

Mkewe alimgeukia. "Sita, mume wangu. Mmoja alikupungia mkono. Ukampungia nawe."

Kengele aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Wewe mwenye jicho moja umewaona sita. Mimi mwenye mawili sikuona hata shule."

"Si mguu ulikanyaga breki?"

"Leo mguu umekumbuka. Na kesho?"

Mkewe aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe, wakaondoka polepole, Kengele akitaja kwa sauti kila kilichokuwa mbele, kama anayejifunza kusoma. "Baiskeli. Taa nyekundu. Mama na ndoo." Na mkewe, kila mara: "Nimemwona. Nimeiona." Walichelewa miadi kwa nusu saa.

Kesho yake aliziweka funguo mezani kwa meneja.

"Kengele, wewe? Hujawahi kugonga hata kuku!"

"Ndiyo maana nazirudisha leo, bosi."

Sasa yuko chumba cha kufungashia mikate, meza ya pili kutoka kwenye tanuri, na kazini huenda kwa miguu.