Fundi wa Bunduki Asiyeruhusiwa Kushika Bunduki

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi. Ndani ya duka dogo la bunduki, mwendo wa basi moja kutoka Ilford, mashariki mwa London, Paresh Panchal amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono ameizamisha mifukoni mwa koti. Mbele yake, juu ya kaunta iliyotandikwa kitambaa cha kijani, zimelazwa bunduki tatu za marisau. Zote ni za aina inayojipakia yenyewe: ukifyatua risasi moja, mtambo hutupa ganda nje na kuingiza nyingine bila kuguswa.

"Ivute tena," anamwambia mwenye duka, Mwingereza aitwaye Ian. "Polepole."

Ian anavuta kishikio cha bunduki ya katikati, kisha anakiachia. Chuma kinagonga chuma. Paresh anainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Springi imechoka," anasema. "Hiyo itamkwamia mteja baridi ikianza."

Ian anaiondoa kauntani bila ubishi. Ana sababu ya kumwamini. Paresh, mwenye umri wa miaka sitini na sita, amekarabati bunduki katika chumba cha nyuma cha duka hili kwa miaka thelathini na minne. Lakini kwa miezi kumi na mmoja sasa, kwa amri ya polisi, haruhusiwi kugusa hata moja. Huja kila Jumamosi bila malipo, akakaa upande wa wateja na kutumia masikio.

Mteja wa leo ni Mkenya wa miaka arobaini na mbili, James, ambaye ameomba jina lake la pili lisitajwe. Anaishi Hayes, upande wa pili kabisa wa jiji. Usiku hutega panya kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Mchana mara tatu kwa wiki huwafukuzia wakulima njiwa pori wanaokula mazao, na Jumapili hulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Amekuja mbali hivi kwa sababu aliambiwa kuna Mhindi wa Nanyuki anayejua bunduki na Kiswahili.

"Mzee, mimi nataka tu ile haitaniaibisha," James anasema. "Juzi njiwa kama mia mbili wameshuka kwa shamba la kanola, ile ya kukamua mafuta, mwenye shamba amesimama hapo ananiangalia. Nikapiga moja, ya pili ikakwama. Mpaka niitoe, ndege wameenda."

"Usiniulize ipi ni nzuri," Paresh anamjibu. "Niambie kwanza utaisafisha mara ngapi."

"Ukweli?"

"Ukweli."

"Nikikumbuka."

Paresh anacheka. Kisha anamfafanulia, kidevu chake kikifanya kazi ambayo zamani ingefanywa na kidole. Ile ya kushoto huendeshwa na nguvu ya teke lake lenyewe, ule msukumo unaorudi nyuma na kugonga bega. Ni nyepesi, haichafuki upesi, na mtu mvivu wa kusafisha ataipenda shambani. Lakini risasi ndogo za visahani huenda zisiwe na nguvu ya kuisukuma, na ukishapiga mia moja siku ya Jumapili, bega litakulaani. Ile ya kulia hutumia moshi wa baruti kusukuma pistoni. Ni nzito kidogo na teke lake ni la upole, lakini masizi yakiganda ndani, itagoma.

"Kwa kazi zako mbili, chukua ya kulia," anasema. "Isafishe kila ukirudi nyumbani, hata ukiwa umechoka. Bunduki nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu. Ni chafu tu."

Anamwambia James afumbe macho, aipandishe begani, kisha afumbue. Anamzunguka, mikono bado mifukoni. "Teremsha shavu kidogo. Hapo. Unaona mtutu au unaona ncha?"

"Naona ncha tu."

"Basi hiyo imekukubali, imekaa sawa na jicho lako."

Utaalamu huo Paresh aliupata kwa baba yake. Mzee Panchal alikuwa na karakana Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, na wawindaji walimletea bunduki zao kutoka kila upande. Mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji, kazi ilikatika. Mzee akageukia pampu za maji na kufuli. Miaka minne baadaye, Paresh akapanda ndege kuja London, akiwa na tupa saba za kusugulia chuma, za baba yake, ndani ya soksi.

"Nyumbani kwetu hatuli nyama," anasema. "Mama yangu alikuwa akiuliza, mnatengenezaje vitu vya kuua? Baba anamwambia, mimi natengeneza springi."

Alioa, akapata binti mmoja, Poonam, na kwa miaka mingi maisha yake yalikuwa chumba cha nyuma cha duka, redio, na chakula cha mchana ambacho mkewe, Alka, alikifunga kwa kitambaa. Jumapili alilenga visahani kwa bunduki yake mwenyewe, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma chini ya ngazi. Alka alikuwa akikaa kwenye gari na kufuma sweta.

Alka alifariki miaka miwili iliyopita kwa saratani ya kongosho, wiki tisa tangu maumivu yaanze.

Paresh hakulia, anasema Poonam, na hilo ndilo lililomtisha. Aliacha kulala. Aliacha kuwasha redio. Alirudi kutoka kazini akiwa na chakula chake cha mchana vilevile alivyoondoka nacho. Poonam, mfamasia, alimhamishia kwake Ilford pamoja na kabati lake, kwa idhini ya polisi kama sheria inavyotaka. Yeye anaelewa Kiswahili chote, ingawa hujibu kwa Kiingereza.

"Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari," anasema. "Nilimbembeleza mwezi mzima. Nilimwambia, Papa, mwambie kila kitu, usifiche."

Hakuficha. Alimwambia daktari kwamba kuna asubuhi ambazo hushuka ngazi na kujikuta amesimama mbele ya kabati la bunduki, akiwa na ufunguo mkononi, bila kujua amesimama hapo kwa muda gani.

Daktari aliwaarifu polisi, na jioni ya siku hiyo hiyo maofisa wawili walibisha hodi. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Waliichukua bunduki, wakachukua na cheti chake, wakamwandikia stakabadhi. Poonam aliwapikia chai na wakainywa. Wiki moja baadaye Ian aliarifiwa kwamba fundi wake asiguse tena silaha yoyote dukani. Mshahara wa pauni elfu mbili na mia moja kwa mwezi ukakoma. Sasa Paresh anapanga matoroli katika duka kubwa la vyakula asubuhi tatu kwa wiki, kwa pauni mia sita na arobaini kwa mwezi.

"Walifanya sawa," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Wangekuwa wamenionea, ningekuwa na mtu wa kumchukia."

Kilichofuata Jumamosi ile James na Paresh wamekisimulia baadaye, kila mmoja kwa upande wake, na maelezo yao hayapingani.

James alikuwa ametoa kadi ya benki. Ian alikuwa akiandika namba ya cheti cha mteja kwenye daftari la mauzo. Kwa furaha ya kumpata mtu wa nyumbani, James akasema, "Mzee, Jumapili ijayo twende wote. Utapiga visahani kumi na hii, nijue kama nimechagua vizuri."

"Siruhusiwi."

"Na nani?"

Paresh akamweleza, kwa ufupi, kwa Kiswahili. Mke, usingizi, daktari, polisi. James alimsikiliza akiwa ameegemea kaunta. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa hivyo mtu akiwa na kitu moyoni, asimwambie daktari?"

Paresh alitaka kusema ndiyo. Anakiri kwamba neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Kwa nini unauliza?"

James akamtazama Ian, ambaye hajui neno la Kiswahili zaidi ya "jambo". Akasema mkewe, Marion, alikuwa amerudi Meru na watoto wawili miezi saba iliyopita. Akasema anafanya kazi usiku na mchana ili asifike nyumbani. "Ukikaa pale kwa kichaka ukingojea njiwa, mzee, ni kimya. Saa tatu, saa nne. Mawazo yanakuja."

"Mawazo gani?"

James alishusha macho, akatazama bunduki iliyokuwa kwenye kaunta, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nilimjua," anasema Paresh. "Sikumjua yeye. Nilijua kule kutazama."

Akageuka na kumwambia Ian kwa Kiingereza, "Usimuuzie."

Ian aliacha kuandika. Hakuuliza sababu mbele ya mteja. Aliichukua bunduki na kuirudisha ukutani, akaifunga kwa mnyororo wake. James alipoelewa kilichotokea, uso wake ulibadilika.

"Mzee, nimekuambia kama mzazi!"

"Ndiyo maana."

"Hata hujui jina la baba yangu! Unanifungia kazi?"

"Una nyingine nyumbani," Paresh akasema. "Ile inayokwama. Niruhusu nije nawe. Twende pamoja, umwite daktari nikiwa hapo."

James alinyakua cheti chake na kutoka. Mlango wa duka hilo una kengele. Iliendelea kutikisika baada ya yeye kupotea upande wa kituo cha basi.

Ian akasema kwamba ni lazima apige simu kwa polisi wa leseni za silaha. Paresh alijua. Alijua pia kitakachofuata, hatua kwa hatua: hodi, viatu mlangoni, stakabadhi. Namba ya cheti ilikuwa imeandikwa nusu kwenye daftari la mauzo, na anwani haikuwapo; polisi wangeitafuta kwenye kumbukumbu zao, lakini wangechelewa. James alikuwa ameitaja mapema wakizungumza habari za Hayes, barabara na namba ya nyumba, na aliyeikumbuka ni Paresh peke yake.

Aliitaja. Kisha akaenda chooni na kukaa huko mpaka Ian alipokuja kumgongea.

Usiku huo alimweleza Poonam. Poonam alimwambia amefanya vizuri. Paresh aliinuka mezani, na kwa siku nne hawakusemezana ila habari za chakula na taka. Anasema hakuwa na hasira naye. Alikuwa akifikiria tu kwamba mtu mwingine sasa, mahali fulani Hayes, anamlaani kama yeye alivyowahi kumlaani binti yake kimoyomoyo.

Siku kumi na mbili baadaye, Alhamisi mchana, simu ya Paresh iliita. James alikuwa ameipata namba kwa Ian.

Alimtukana. Alimtukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru ambacho Paresh hakielewi, kisha kwa Kiswahili tena. Polisi walikuwa wamechukua bunduki. Daktari alikuwa amemwandikia dawa na mtu wa kuzungumza naye, lakini foleni yake ni ya wiki kumi na nne. Mwenye shamba la kanola alikuwa ameshampata mtu mwingine. Bila mashamba, pato lake limepungua karibu nusu, na hela za kuwatumia watoto Meru hajui atazitoa wapi.

"Uliniponza," alisema.

"Ndiyo," Paresh akamjibu.

James hakukata simu. Paresh anasema alisikia televisheni upande wa pili, na birika likichemka mpaka likajizima. Mwishowe James akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa:

"Na wewe mzee, ulianza kulala lini?"

Paresh alifikiria kumdanganya. "Bado," akasema.

Mazungumzo yaliishia hapo.

Hakuna dalili kwamba mambo ya Paresh yatarudi yalivyokuwa. Anaweza kuomba cheti upya, lakini daktari wake anasema ni mapema mno kumwandikia barua. Hata akiipata, Ian anafunga duka mwezi wa Machi. Kodi ya jengo imemshinda na hana mrithi. Mashine za chumba cha nyuma zimeshapata mnunuzi. Tupa saba za baba yake zimo kwenye droo ya jikoni kwa Poonam, kando ya vijiko, kwa sababu tupa hazihitaji leseni na hakuna aliyejua pa kuziweka.

Anapoulizwa kama angesema tena aliyoyasema iwapo angerudishwa siku ile kwa daktari, jibu lake hutegemea siku.

"Kuna siku nasema ningenyamaza," anasema. "Leo ni moja ya hizo."

Hata hivyo, kuna jambo moja amelipanga. Jumapili, saa ambayo zamani angekuwa kwenye uwanja wa visahani, atapanda treni ya Elizabeth pale Ilford na kuvuka London nzima hadi Hayes. Amemwambia James anakuja. James hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kengele ya mlango wake ni mbovu, apige simu akifika.

Poonam amejitolea kupika, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze baba yake amemwambia apike cha watu wawili.

"Sina la kumwambia yule kijana," Paresh anasema. "Nimelitafuta wiki nzima, sijalipata. Nitakaa tu. Akinifukuza, nitarudi Jumapili nyingine."