Hisa Alizonunua Baba

Nakumbuka asubuhi moja baba yangu alipovaa kanzu yake ya Idi, na haikuwa Idi. Alikuwa anakwenda mkutanoni, katika kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi kilichokuwa upande wa Msambweni. Mwanangu, umenijia na habari za kampuni ambayo wewe na wenzako wa kazini mnataka kununua hisa zake, nawe unataka nikujibu ndiyo ama la. Keti kwanza. Kampuni ile ya Msambweni niliipima mimi mwenyewe, na nilichokiona hakikumwokoa mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila ukifungua redio ni mageuzi ya uchumi, soko huria, serikali inajitoa katika biashara. Kiwanda kile kilikuwa cha serikali tangu sijazaliwa. Wazee wa kwetu Mkongani walikuwa wakipeleka mbata pale, yaani nazi iliyokaushwa, na vijana wao walikuwa wakiajiriwa pale pale. Ndugu yangu Juma alikuwa fundi wa mitambo. Sasa kiwanda kilikuwa kinauzwa. Mwekezaji kutoka Nairobi angechukua sehemu kubwa, na kilichobaki wangeuziwa wakulima na wafanyakazi wenyewe.

Baba, Mzee Suleimani, alikuwa mwenyekiti wa wakulima. Watu walimwamini kiasi kwamba hata wakigombania mpaka wa shamba walikuja kwake kabla ya kwenda kwa chifu. Siku ile alirudi ana uso wa furaha.

"Zainabu," aliniambia, "wametuambia kampuni sasa ni yetu. Mitambo wameipaka rangi mpya. Lakini wewe umesomea biashara. Nenda kaitazame, kisha uje uniambie."

Mimi nilikuwapo nyumbani bila kazi. Nilikuwa nikinunua vyakula vya jiko la hoteli moja ya Diani, lakini wageni walikuwa wamepotea, na tulikuwa tumepewa likizo isiyo na malipo. Basi nikaenda.

Meneja alinipokea kwa heshima, akanizungusha kila mahali. Mitambo ilikuwa mizima, sikufichi. Juma aliniwashia mmoja, ukanguruma, naye akawa anacheka na kuupigapiga ubavuni kama mtu na ng'ombe wake. Nikamwuliza meneja mafuta yale yananunuliwa na nani.

"Wateja wapo," alisema.

"Ni akina nani?"

"Wapo, dada. Mambo yakitulia wataongezeka."

Lakini bohari lilikuwa limejaa mapipa mpaka mlangoni, na vumbi juu yake. Nilipomgeukia tena, alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilipita Ukunda nikiwa njiani kurudi. Mwenye duka mmoja, mtu wa bara, alinionyesha madumu ya manjano yaliyopangwa ukutani. Yalikuwa mafuta ya mawese yaliyokuja kwa meli. "Hiyo yenu ya nazi haitoki siku hizi, sista," alisema. "Watu wanataka hii. Bei iko chini." Wala hakunishangaza. Hata mimi hotelini nilikuwa nimeshaacha kununua mafuta ya nazi. Mageuzi yale yale yaliyokuwa yanatuuzia kiwanda ndiyo yaliyokuwa yamefungua bandari kwa mafuta ya nje. Mkutanoni walitaja lile la kwanza tu.

Jioni nilimwambia baba tukiwa wawili uani. "Baba, mitambo ni mizima. Mnunuzi wa mafuta ndiye hayupo. Na huyo mwekezaji, kila nikiuliza ana mpango gani wa kuuza, hakuna anayejua."

Akaniuliza, "Na tusiponunua sisi?"

"Atanunua mwingine. Ama kitafungwa."

"Na Juma? Na vijana wa watu?"

Mimi nilisomea biashara; sikuwa nimesomea hilo.

Baba akanunua. Aliuza ng'ombe wake aliokuwa akifugiwa na rafiki yake kule Kinango, wote. Tuligombana, mwanangu, na mimi sikuwa mtu wa kumwinulia baba sauti. Lakini ng'ombe walikuwa wake. Kilichonichoma ni waliomfuata. Watu walipoona Mzee Suleimani ameingia, nao wakaingia. Jirani yetu, Mama Mishi, mjane aliyekuwa akiishi kwa kusuka makuti, aliuza kipande cha shamba alichoachiwa na mumewe. Hakuuliza habari ya mafuta wala ya soko. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mzee amenunua?" Akaambiwa amenunua.

Kiwanda kilijikongoja kidogo. Mishahara ikaanza kuchelewa, mbata ikawa inapokewa bila malipo, kisha haipokewi kabisa. Mwekezaji hakuonekana tena. Siku moja yakaja malori, na mafundi wenye mitungi ya gesi, wakaikata mitambo vipande vipande ikauzwe kama chuma chakavu. Mwenye sehemu kubwa alikuwa ameamua, na sheria ilimruhusu. Juma alisimama nje ya ua akitazama. Mwezi uliofuata akaenda Shimoni kubeba samaki gatini. Hakupata tena kazi ya ufundi maisha yake yote.

Baba hakutukanwa na mtu. Afadhali wangemtukana. Watu waliendelea kumwamkia, shikamoo mzee, marahaba, kisha wakapita. Magomvi ya mipaka yakawa yanapelekwa kwa chifu. Msikitini akawa anakaa safu ya nyuma. Mama Mishi alihamia kwa binti yake, na siku ya kuondoka alikuja kumuaga baba kwa adabu zote, akamtakia afya. Baba aliingia ndani, na chakula cha siku ile hakukigusa.

Ni baadaye sana, akiwa tayari mgonjwa, ndipo nilipomwuliza. "Baba, nilikuambia. Kwa nini ulinunua?"

"Nilikusikia," alisema. "Nilijua husemi uongo. Lakini nilidhani tukiwa wengi humo ndani, watatuonea haya kukifunga. Nilidhani kampuni ina haya kama mtu." Akapumzika, kisha akaendelea. "Ng'ombe wangu siwalilii. Lakini yale uliyoniambia nilikaa nayo peke yangu. Mama Mishi sikumwambia. Hilo ndilo ninalokwenda nalo."

Alifariki kabla ya mvua za masika. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi, mwanangu, hili ndilo jibu langu. Usinunue rangi ya mitambo wala hotuba ya mkutano. Nenda kaulize kinachotengenezwa kinanunuliwa na nani, na ukijibiwa "wateja wapo," taka majina, kisha uwaendee. Serikali inapogeuza mambo, tazama pia mlango mwingine uliofunguliwa siku hiyo hiyo, na nani anaingia kupitia humo. Jua mwenye sehemu kubwa ni nani na anaweza kufanya nini bila kukuuliza. Ukiwa bado unataka kuingia kwa ajili ya watu unaowapenda, ingia, sitakucheka, sitamcheka baba yangu. Lakini ingia na kile ambacho hata kikipotea utalala usingizi. Na kama kuna wanaokutazama wewe ili wajue wafanye nini, waambie yote uliyoyaona, hata yale yanayokuvunja moyo, kabla hawajauza chochote.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema. Akupe riziki ya halali isiyomtoa mtu machozi, na akujaalie uzee wa kukaa na majirani zako bila kuinamisha kichwa. Amin.