Bomba Tupu Kwanza

Chuma kilicholala nje mwezi wa saba kina harufu yake, ya kutu na umande, na ukikishika inabaki viganjani hata baada ya kunawa kwa sabuni. Nyuma ya nyumba tuliyopanga pale Themi, kati ya banda la kuku na ukuta wa jirani, tulikuwa na mabomba matatu ya maji yaliyokwisha kustaafu kazi ya kupitisha maji. La kwanza lilikuwa tupu. La pili lilikuwa na kopo la maziwa ya unga kila upande, yote mawili yamejazwa zege. La tatu, la baba, lilikuwa na makopo ya rangi ya lita nne, zege vilevile, na moja lilikuwa limeganda likiwa limeinama, kwa hiyo ukilinyanyua lilikuvuta kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa jimu yetu. Watoto wengine mtaani walikuwa na baiskeli. Mimi nilikuwa na zege, na sikumwonea mtu wivu.

Baba alikuwa mpagazi wa Mlima Meru. Alibeba mizigo ya watalii kutoka lango la Momela hadi vibanda vya juu, akakaa huko siku tatu au nne, kisha akarudi nyumbani kusubiri safari nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sikuwa na kaka wala dada. Baba akiwa mlimani nilikula na kulala kwa mama mwenye nyumba, mwanamke mwema mwenye watoto watano waliokuwa na mizaha yao ambayo sikuielewa. Wakicheka, nami nilicheka, ili nisionekane mshamba. Nilikuwa mpweke, sioni sababu ya kulizungusha neno. Mlima ulionekana kutoka uani kwetu pale tu wingu lilipokubali, na mwezi wa saba wingu halikubali. Nilijua tu kwamba baba yuko mahali fulani ndani ya ule weupe.

Akiwa nyumbani, alfajiri ilikuwa yetu. Miaka ya nyuma aliwahi kuumia mgongo kule langoni: alisafiri nyuma ya gari kwenye baridi, akashuka amekakamaa, mzigo wake ukapimwa, akaunyanyua palepale. Alilala kitandani mwezi mzima. Tangu siku hiyo hakugusa kitu kizito kabla ya kuupigia mwili hodi, ndivyo alivyoita mwenyewe. Tulianza kwa kuizunguka nyumba kwa mwendo wa haraka, mpaka pua zianze kuchuruzika na vidole vipate uhai. Kisha mabega, duara dogo halafu kubwa, kisha kiuno, magoti, vifundo vya miguu. Tulichuchumaa na kusimama mara kumi mikono mitupu. Hakutaka nijinyooshe kwa nguvu nikiwa bado wa baridi. Hiyo alisema ni ya mwisho, mwili ukishachoka. Halafu bomba tupu mara kumi, taratibu, kwa mwendo uleule wa kunyanyua uzito wenyewe, si kulirusharusha kama fimbo ya kuchungia. Halafu makopo ya maziwa mara tano, tupumzike, mara tano tena. Mimi niliishia hapo. Makopo ya rangi yalikuwa yake, na niliruhusiwa kuyatazama tu.

Tulihesabu kwa kupokezana. Yeye moja, mimi mbili, yeye tatu, mimi nne. Alisema hivyo hakuna anayeweza kukimbiza, maana mwenzako atakusikia. Baada ya msiba baba alikuwa amebaki na maneno ya kazi tu, leta hiki, funga mlango, umekula, lakini kwenye ile hesabu nilimsikia akiwa yeye yule wa zamani. Kunyanyua kwenyewe hakukuzidi dakika kumi. Kujiandaa kulichukua nusu saa na zaidi, na nusu saa hiyo ndiyo niliyoiwaza darasani, kwa mwalimu wa hesabu ya kweli.

Kulikuwa na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, aliyeishi Usa River na aliyekuja kututazama Jumapili baada ya ibada. Jumapili moja alizunguka nyuma ya nyumba akayakuta yale mabomba, akarudi amekunja uso.

"Shemeji, huyu ni mtoto wa kike," alisema. "Unamfundisha ukuli?"

"Namfundisha kuupasha mwili, shemeji. Hayo mengine ni nyongeza."

"Haya. Siku nikisikia ameumia kwa hayo mavyuma yako, namchukua nakwenda kukaa naye. Na hutanizuia."

Baba hakubisha. Maneno ya mama mkubwa yalinitisha, lakini ule ukimya wa baba ulinitisha zaidi, kwa sababu nilielewa kwamba mwenyewe alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo.

Wiki hiyohiyo baba alipanda mlima. Siku ya kurudi nilitoka shule, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kumsubiri, manyunyu yakishuka, sweta limelowa mabegani. Nilikaa muda mrefu sana. Nilikuwa nimepanga kwamba akiingia anikute tayari nimelinyanyua bomba lake juu ya kichwa, ili aone kwamba nina nguvu na siwezi kuumia, na asikubali kamwe nichukuliwe. Nilikusudia kujiandaa vizuri, hatua kwa hatua. Lakini sauti yake ilisikika mapema kuliko nilivyotegemea, akimsalimia mama mwenye nyumba aliyekuwa akichota maji. Nilikuwa na dakika moja. Nikaruka yote, nikashika makopo ya rangi na mikono ya barafu, nikavuta mpaka kifuani, nikasukuma. Upande wa kulia ukalemea. Kitu begani kilishtuka, maumivu yakashuka mpaka kwenye kiwiko, bomba likaanguka kwenye matope.

Baba alitokea pembeni mwa nyumba, begi mgongoni, midomo imepasuka kwa baridi. Akalitazama bomba, akanitazama mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Elinipa. Vipi tena?"

Kama ningesema nimeumia, angempelekea habari mama mkubwa yeye mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa, hakuficha jambo. Kwa hiyo nikasema nimechoka na hayo mavyuma. Na kwa kuwa aliendelea kunitazama, nikaongeza kwamba ni kazi ya makuli, sitaki tena.

"Sawa," alisema. Akaliokota bomba, akalifuta matope kwa mkono, akaingia ndani.

Nilijikinga nisichukuliwe, na nikafanikiwa. Lakini alfajiri iliyofuata nilibaki kitandani, bega likiwaka, nikamsikia nje ya ukuta akiizunguka nyumba peke yake. Kisha akaanza kuhesabu. Moja. Kimya. Tatu. Kimya. Tano. Aliziacha namba zangu wazi, moja baada ya nyingine, mpaka kumi. Nilizisema chini ya blanketi bila kutoa sauti, huku nalia. Alifanya hivyo asubuhi nne. Ya tano alihesabu zote mwenyewe. Bega lilipopona, baada ya wiki tatu hivi, nilikuwa nimekwisha kuona aibu ya kurudi, na yeye hakuniita.

Leo nina miaka thelathini na tisa na ninakwenda jimu mara tatu kwa wiki. Kuna vioo, muziki, vyuma vilivyoandikwa kilo ubavuni, na vijana wanaotoka kwenye kiti cha ofisi kwenda moja kwa moja kwenye uzito mkubwa. Huniona nikipasha mwili dakika arobaini wakaniuliza, "Mama, leo utanyanyua au umekuja kutembea?" Nawaambia wasubiri wafike umri wangu. Binti yangu akijikwaa shuleni napigiwa simu kabla hajaacha kulia, na jioni ananisimulia tena mwanzo mpaka mwisho. Mara nyingine namsikiliza kwa wivu.

Baba anaishi juu karibu na Momela, magoti hayamruhusu tena kupanda. Mwaka huu, tukichambua maharage kibarazani kwake, nilimwambia. Nilimweleza yote, manyunyu, bomba, mama mkubwa. Aliendelea kuchambua maharage, nikadhani hakusikia vizuri.

"Mimi nilifikiri umeanza kuionea aibu kazi yangu," alisema hatimaye. Kisha akauliza, "Bega lipi?"

Nikamwonyesha la kulia. Akalitazama, bega la mtu mzima lisilo na kasoro yoyote, na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa kwa mgonjwa akafika amechelewa.

"Sasa usiku ulikuwa unalalaje, mwanangu?"